Kupigilia na Kuvisha: Historia Fupi ya Istilahi za Kwato

Mfasiri akipewa leo kijitabu cha kigeni kinachoeleza namna ya kumtunza farasi wa kupanda, hatasoma kurasa nyingi kabla hajakutana na kitu ambacho lugha yetu haijakipa jina lake. Kitu hicho ni vazi la mguu wa farasi asiyepigiliwa chuma. Hutengenezwa kwa mpira au plastiki ngumu, hufungwa kwa mikanda na bizimu, huvishwa kabla ya safari na kuvuliwa mwisho wa safari. Mfasiri atatafuta katika kamusi, ataona “kiatu cha farasi”, ataandika hivyo na kuendelea na kazi yake.

Hapo ndipo kosa linapozaliwa. “Kiatu cha farasi” limekuwa kwa miaka mingi jina la kile chuma chenye umbo la mwezi mwandamo, kinachopigiliwa kwa misumari chini ya ukwato na kukaa hapo kwa wiki kadhaa. Ikiwa kijitabu kinaagiza kwamba kiatu kivuliwe kila jioni, msomaji anayekijua kiatu cha chuma peke yake aelewe nini? Je, ang'oe misumari kila jioni na kuipigilia tena asubuhi? Ukwato unaotendewa hivyo hupasuka ukuta wake, na mnyama huchechemea. Kwa hiyo jambo tunalolizungumzia si pambo la lugha. Ni suala la mnyama kuumia au kutoumia kwa sababu ya neno moja lililobebeshwa mizigo miwili.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini Kiswahili kimefika hapa kikiwa na maneno mengi ya kichwa na mgongo wa farasi lakini machache mno ya mguu wake. Tutaitazama historia hiyo tukiwa tumesimama Mwanza, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria. Tumechagua mahali hapo kwa sababu njia ya farasi kutoka pwani haikufika huko, lakini maneno tunayoyahitaji yako huko.

Maneno yaliyokuja na farasi

Farasi alifika pwani yetu kwa njia ya bahari, na jina lake likaja pamoja naye kutoka Kiarabu. Vivyo hivyo lijamu inayotiwa kinywani, hatamu inayoshikwa mkononi na seruji inayowekwa mgongoni. Penye pengo, Kiswahili kilitumia mali yake chenyewe. Kitenzi “kutandika” kilitupa tandiko na matandiko. Na kikuku, ambacho asili yake ni pambo la mkononi au mguuni, kilipewa kazi mpya ya kuupokea mguu wa mpandaji. Punda naye alipata shogi yake, ule mfuko mpana wa kusukwa unaoning'inia pande zote mbili za mgongo.

Tena farasi aliishi zaidi katika maandishi kuliko njiani. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, unasimulia vita vya mbali vyenye wapanda farasi wengi, ingawa wasikilizaji wengi wa utendi huo walikuwa watu wa majahazi na wa kutembea kwa miguu. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, Emily Ruete, aliyezaliwa Unguja akiitwa Salme binti Said, anaeleza habari za farasi na punda wa kupanda katika majumba ya kifalme. Farasi alikuwa alama ya enzi. Mnyama wa kazi alikuwa punda.

Sasa tuutazame mguu. Hapo tunakuta neno “ukwato”, ambalo ni letu na linawahusu pia ng'ombe, mbuzi na swala, kisha tunakuta “kiatu cha farasi”, basi. Sababu haiko mbali. Mnyama anayetembea juu ya mchanga na vichochoro vya udongo hahitaji chuma mguuni. Hata leo punda wa Lamu hutembea kwa kwato tupu mji mzima. Lugha haitengenezi jina la kazi isiyofanyika, nayo haistahili kulaumiwa kwa hilo.

Njia isiyopitika kwa farasi

Msafara wa Burton na Speke ulioondoka pwani mwaka 1857 ulikwenda kwa wapagazi na punda. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke aliliona ziwa karibu na mahali panapoitwa Mwanza leo, baada ya kumwacha mwenzake Kaze, yaani Tabora. Mwaka 1871 Stanley alijaribu njia nyingine. Aliondoka Bagamoyo akiwa na farasi wawili, mmoja wao zawadi ya Sultani Barghash, pamoja na punda 27. Farasi wote wawili walikufa mapema, kabla msafara haujafika mbali na pwani. Aliporudi katika safari yake ya pili na kufika Kageye, kwenye ufuko wa ziwa, Februari 1875, mashua yake ilikuwa imebebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi.

Kilichowaua farasi wa bara kinajulikana vizuri leo. Kwanza ni nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ambao katika sehemu nyingi za bara huitwa ndorobo. Pili ni ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaosababishwa na virusi na kuenezwa na visubi. Ugonjwa huu wa pili huua sehemu kubwa ya farasi wasio na kinga, ilhali punda huustahimili zaidi, na pundamilia huubeba bila kuonyesha dalili kubwa. Vita Kuu ya Kwanza ilithibitisha jambo hilo kwa gharama kubwa. Vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini vilivyoingia nchini mwaka 1916 vilipoteza maelfu ya wanyama wao kwa maradhi. Mji wa Mwanza wenyewe, uliotekwa na Waingereza mwezi Julai mwaka huo, ulifikiwa na majeshi yaliyosafiri ziwani kwa meli.

Reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, haja ya farasi kama chombo cha usafiri ilikuwa imekwisha kabla haijaanza. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili ilikusanya maneno ya shule, ya utawala na ya kilimo. Maneno ya kumvisha farasi miguuni hayakuwa na mtu wa kuyadai.

Chuma kilikuwapo

Isidhaniwe kwamba watu wa ziwani walikosa ujuzi wa chuma. Upande wa magharibi wa ziwa, huko Buhaya, chuma kiliyeyushwa tangu yapata miaka elfu mbili iliyopita. Upande wa kusini-magharibi, katika nchi ya Geita na Biharamulo, wahunzi wa Kirongo walifua majembe yaliyouzwa mbali. Chuma hicho kilikuwa kikitumika mamia ya miaka kabla kiatu cha kupigiliwa hakijaenea Ulaya, jambo lililotokea kati ya karne ya 9 na ya 11. Lakini mhunzi wa ziwani hakukipeleka chuma chake kwenye ukwato, kwa kuwa ng'ombe wa Kisukuma hakupandwa wala hakutembezwa juu ya barabara za mawe. Hata maksai walipoanza kuvuta plau katika mashamba ya pamba, walivuta kwa kwato zao zilezile.

Walichokifanya watu hawa, tena kwa ustadi, ni kuipa ardhi majina. Msukuma anaposhuka kutoka kilima cha mawe hadi bondeni hasemi “udongo” kwa jumla. Kuna luseni, udongo wa kichanga wa mteremko. Kuna ibambasi, udongo mgumu usiopitisha maji kwa urahisi. Na chini kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua. Katika Kiswahili cha kawaida neno “mbuga” limechukua maana ya uwanda wa nyasi na kupoteza habari za udongo. Hata hivyo, kwa mtu anayechagua vazi la ukwato, habari hizo ndizo zenye thamani. Juu ya majabali na changarawe za Mwanza ukwato mtupu huchubuka. Katika luseni hauhitaji kitu. Katika mbuga iliyolowa vazi lililolegea huvutwa na matope na kubaki nyuma.

Vazi la ukwato lilitoka wapi

Wazo la kuuvisha ukwato badala ya kuupigilia ni la kale kuliko kupigilia kwenyewe. Warumi walikuwa na kitu cha chuma kilichofungwa chini ya ukwato kwa kamba au mikanda ya ngozi, bila msumari. Sisi tungekiita kubazi la chuma. Waarabu wa jangwani waliushonea mguu wa ngamia aliyejeruhiwa kipande cha ngozi ili aweze kuendelea na safari. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, huko Ulaya na Marekani, farasi waliovuta mashine za kukata nyasi za bustani walivishwa viatu vya ngozi. Hao hawakuvishwa ili kulinda kwato, bali ili kwato zisiharibu nyasi. Vazi la kisasa la plastiki lilianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1970, kisha likaenea pamoja na fikra kwamba farasi mwenye kwato zilizochongwa vizuri anaweza kuishi bila chuma, akivishwa pale tu ardhi inapokuwa kali.

Nchini mwetu farasi wa kupanda wapo, hasa kaskazini, katika nchi ya Arusha na Kilimanjaro, ambako watalii hupelekwa safari za farasi. Kwenye ufuko wa ziwa na katika Usukuma mnyama anayehusika zaidi ni punda, abebaye maji, kuni na magunia ya mahindi. Naye pia huvishwa mguu unapougua, ili dawa ikae na uchafu usiingie. Lakini tahadhari inahitajika, kwa sababu ukwato wa punda ni mwembamba na umesimama zaidi kuliko wa farasi, na vazi lililokatwa kwa kipimo cha farasi humzunguka punda mguuni kama ndoo.

Kuvisha kwa hatua, na neno kwa kila hatua

Tuifuate kazi yenyewe, maana mfasiri asiyeijua kazi hawezi kuitafsiri. Kwanza ukwato huchongwa kwa kisu na kusawazishwa kwa tupa. Kupima hufuata mara tu baada ya kuchonga, kwani ukwato hukua kwa milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, na kipimo cha ukwato uliorefuka ni kipimo cha uongo. Hupimwa upana pale ulipo mpana kuliko pengine pote, kisha urefu kutoka ncha ya mbele hadi mwisho wa kisigino kinachokanyaga ardhi. Kila ukwato hupimwa peke yake. Kwato za mbele huelekea kuwa za mviringo na za nyuma kuwa na ncha zaidi, na hata za upande mmoja na mwingine hutofautiana.

Vazi jipya likiisha kuvishwa, mnyama hutembezwa. Lisizunguke mguuni, lisiache nafasi kati yake na ukuta wa ukwato, wala lisiguse ngozi laini ya kisigino kiasi cha kuichubua. Safari za kwanza huwa fupi na za ardhi tambarare, na kila moja humalizika kwa kuvua, kuosha, kukausha na kukagua nywele zilizo juu ya ukwato. Nywele zilizosuguka ndilo onyo la kwanza la kidonda. Baada ya wiki 4 hadi 6 ukwato huwa umekua kiasi cha kubana, na kazi ya kuchonga hurudiwa.

Katika maelezo haya tumekwepa kwa makusudi kiungo kimoja, nacho ni lile pande la pembetatu, laini kama mpira, lililo chini ya ukwato, upana wake nyuma na ncha yake mbele. Hapa pana mtego. Waingereza wamekiita kiungo hicho kwa jina la chura, na mfasiri mwenye haraka anaweza kumwagiza mfugaji asafishe “chura wa farasi”. Wafaransa wamekiita uma mdogo. Wajerumani wamekiita mwali. Waarabu wamekiita kwa jina la tai. Kila taifa liliangalia chini ya ukwato uleule likaona jambo lake. Hakuna sababu ya sisi kumwona chura. Tunaona kabari, maana umbo lake ni la kabari iliyopigwa katikati ya ukwato. Tunapendekeza “kabari ya ukwato”.

Kiatu, buti au katambuga

Sasa turudi kwenye vazi lenyewe. Mapendekezo manne yanaweza kutolewa, na kila moja linastahili kusikilizwa.

La kwanza ni kulibakiza neno “kiatu” kwa vyote viwili. Wanaolitetea wanaweza kusema kwamba Kiarabu nacho hutumia neno moja kwa ndara ya mtu na kwa chuma cha farasi. Lakini Kiarabu kina mapokeo marefu ya wapanda farasi wanaoelewana kwa nusu ya neno. Msomaji wetu hana mapokeo hayo, na anahitaji neno linalomwonyesha njia.

La pili ni “njumu”. Neno hili lina harufu nzuri ya chuma, lakini wachezaji wa mpira wa miguu wamekwisha kulichukua, nasi hatuna sababu ya kugombana nao.

La tatu ni “katambuga”. Ni jina la ndara zinazokatwa kutoka kwenye tairi kuukuu, zivaliwazo na wachungaji. Hatuna budi kukiri kwamba tumelipenda neno hili. Lina mpira, lina mikanda, linavuliwa, na ndani yake limebeba ile ardhi tuliyoitaja. Upungufu wake ni mmoja: katambuga iko wazi juu, ilhali vazi tunalolizungumzia huufunika ukwato pande zote.

La nne ni “buti”. Ni neno la kukopa, lakini limekwisha kuwa mwananchi. Mwalimu, askari na mkulima wanalijua, na linaeleza kitu kinachofunika mguu. Lipo pia buti la gari, lakini hakuna atakayeutafuta ukwato huko.

Uamuzi wetu, tunaoutoa ili ujadiliwe, ni huu. Kinachopigiliwa kiitwe “kiatu cha chuma”. Kinachovishwa na kuufunika ukwato kiitwe “buti la kwato”. Kile cha wazi, ambacho ni soli na mikanda tu, kiitwe “katambuga ya kwato”. Mnyama asiyepigiliwa aitwe “wa kwato tupu” badala ya “pekupeku”, kwa kuwa pekupeku huleta fikra ya unyonge, na kwato tupu zinazotunzwa si unyonge.

Lililo kubwa kuliko nomino hizi ni vitenzi. Kiatu cha chuma hupigiliwa na kung'olewa. Buti huvishwa na kuvuliwa. Kiswahili kilikuwa na tofauti hiyo tangu zamani, na mfasiri akiishika hawezi kupotea hata kama nomino itamponyoka.

Kwa nini neno hili lingoje

Mtumishi wa serikali anaweza kuuliza kama kuna haja ya kutumia muda kwa mnyama ambaye wananchi wengi hawampandi. Jibu letu ni kwamba sheria haiulizi wingi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamhusu punda wa Magu kama inavyomhusu farasi wa Arusha. Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, neno lisilo wazi lina nafasi ya kusimama kizimbani. Mmiliki akishtakiwa kwa kumfanyisha kazi mnyama mwenye kwato mbovu, shahidi atasema nini? Atasema mnyama hakuwa na viatu? Kukosa chuma si kosa wala madhara. Kukosa kuchongwa kwato ni madhara. Hakimu hataweza kuyatenga mawili hayo ikiwa lugha aliyopewa imeyachanganya.

Wala tusione haya kulichukua neno ziwani na kulipeleka katika ofisi za taifa. Ikulu ni neno la Wanyamwezi na Wasukuma kabla halijawa makao ya Rais. Ngitili, yaani malisho yanayotengwa na kutunzwa kwa ajili ya kiangazi, lilikuwa neno la mfugaji wa Kisukuma. Baada ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga kuanza mwaka 1986, limeandikwa katika taarifa za misitu na mazingira bila kuhitaji mkalimani. Luseni na ibambasi hayajapata bahati hiyo. Mwalimu wa mifugo anayefundisha kuchagua buti la kwato kwa kufuata ardhi atakuwa ameyapa nafasi ya kwanza.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na kazi yake moja ni kuhakikisha kwamba jambo moja halibebi majina kumi, wala jina moja halibebi mambo mawili yanayopingana. Tunawaomba walimu, wafasiri na maofisa mifugo wayajaribu maneno haya kazini, kisha watuletee majibu: lipi limeshika, lipi limekataliwa, na lipi walilikuta tayari vinywani mwa wafugaji. Hilo la mwisho, likipatikana, tutalipokea kwanza na kuyaweka kando ya kwetu.